Mti wa kubuni unaoparamia mwingine: mizizi ishuke au shina lijizungushe?
Ukibuni mti unaoparamia mti mwingine, amua kwanza unaanzia wapi. Wa aina ya mtini mnyongaji huanzia juu: ndege hudondosha mbegu kwenye panda ya tawi, mizizi myembamba kama kamba huteremka hadi ardhini, hunenepa, na inapogusana huungana kuwa wavu mgumu. Mti mwenyeji (ulioparamiwa) ukifa na kuoza, hubaki shina lenye uwazi ndani. Huu ndio bora, maana mwishowe husimama wenyewe, ni mti kweli. Wa kujizungusha huanzia chini kivulini na hutaka nguzo nyembamba. Kwenye shina nene huteleza. Shina lake lisiwe la mbao ngumu pekee: upepo ukiyumbisha nguzo, shina lisilopindika litapasuka.