Viatu vya kuingia navyo mtoni: uzoefu wangu Potomac wakati wa joto

Mwezi wa Julai, ukivua samaki Mto Potomac kati ya Brunswick na Point of Rocks huku Maryland, Marekani, maji yana uvuguvugu na huna haja ya ile suruali ya mpira inayofika kifuani. Kaptura inatosha. Pesa yako iweke kwenye viatu. Fimbo ya bei nafuu itakurushia mshipi vizuri tu, lakini kiatu kibaya kitakuangusha mahali pabaya.

Vyangu ni buti zinazopita kifundo cha mguu, soli ya mpira, nikaongeza misumari midogo ya tangsteni inayouzwa kando. Soli za feliti, yaani kitambaa kizito cha nyuzi zilizoshindiliwa, zilipigwa marufuku Maryland mwaka 2011, kwa kuwa hukawia kukauka na huweza kubeba viumbe vamizi kama didimo, mwani mzito unaofunika mawe, kutoka mto mmoja hadi mwingine. Sheria hiyo naiunga mkono kwa moyo wote.

Mtihani wenyewe uko kwenye safu za miamba zinazokatiza mto. Kati ya safu na safu kuna mfereji, maji yanafika kiunoni na chini huoni kitu. Unatanguliza mguu mmoja, unapapasa, unasikia misumari ikikwaruza jiwe mpaka inapokamata, ndipo unahamisha uzito. Mpira mtupu kwenye mwani ule ni hatari, siwezi kumshauri mtu. Juu ya mwamba mkavu mambo hugeuka, misumari huteleza, kwa hiyo nenda polepole. Na usipande nayo boti ya kujaza upepo.

Faida yake ni kwamba nafika alipo samaki aitwaye besi mdomo mdogo, ndugu wa yule mdomo mkubwa wa Ziwa Naivasha. Hata hapa ni mgeni: aliletwa mwaka 1854 kwa treni ya reli ya Baltimore na Ohio, ndani ya tangi la maji la garimoshi. Mchana hukaa nyuma ya mawe na pembezoni mwa majani ya majini akivizia kamba wa mtoni. Natumia Clouser, chambo cha manyoya ya mkia wa kulungu chenye macho mazito, alichobuni Bob Clouser mwaka 1987 kwa ajili ya besi wa Mto Susquehanna. Nakiacha kizame, kisha navuta mshipi kidogo kidogo. Akishika, huruka juu ya maji mwili mzima, na hapo ndipo unashukuru miguu yako imekita. Sijaona samaki wa mtoni mwenye nguvu kama hizi kwa umbo lile.

Kasoro zipo. Kamba za viatu zikilowa hulegea, lazima ufunge fundo mara mbili. Kokoto huingia kwa juu. Soksi za neoprini, aina ya mpira laini, zenye pindo la kufunika kamba zimelimaliza tatizo hilo, ila vaa soksi hizo unapojaribu viatu dukani, la sivyo vitakubana.

Mvua ikinyesha huko juu, angalia kwanza kipimo cha maji cha Point of Rocks mtandaoni. Mto ukiwa umejaa, hakuna kiatu kitakachokusaidia, na hata ukiwa chini mimi huvaa jaketi la kuokolea. Hivi vikichakaa nanunua vilevile, na misumari yake.