Uzoefu wangu na Sherlock: sehemu za kukimbilia na za kuruka

Nimemaliza kutazama Sherlock, tamthilia ya upelelezi ya BBC iliyoanza kuonyeshwa Julai 2010, na sasa kila ninayekutana naye hapa Katindo namwambia aitafute. Ni sehemu 13 tu: misimu minne yenye sehemu tatu tatu, na moja ya pekee ya Januari 2016. Kila sehemu huchukua kama dakika 90. Kwa sisi wa Goma hilo ni jambo kubwa, maana umeme ukikatika, betri ya kompyuta iliyojaa inakufikisha mwisho wa kisa.

Benedict Cumberbatch ndiye mpelelezi mwenyewe, Sherlock Holmes. Martin Freeman ni daktari John Watson, mwanajeshi aliyerudi kutoka Afghanistan akichechemea na kuota ndoto mbaya. Kwetu mtu wa namna hiyo hahitaji kuelezwa. Alipoonekana tu amekaa kitandani, mama alisema: "Huyo vita havijamtoka."

Kilichonishika ni ile simu. Katika sehemu ya kwanza, A Study in Pink, Sherlock anashika simu ya John, anaona michubuko kuzunguka tundu la chaji, anaamua kwamba mwenye simu wa kwanza alikuwa mlevi: kila usiku alichomeka waya kwa mkono unaotetemeka. Katika riwaya ya 1890 ya Arthur Conan Doyle, mwandishi aliyembuni Sherlock, ilikuwa saa ya mfukoni, iliyochubuka kwenye tundu la ufunguo. Steven Moffat na Mark Gatiss, walioibuni tamthilia hii, wamebadilisha kifaa, hoja ikabaki ileile. Tulisimamisha picha tukabishana. Mdogo wangu alisema hoja hiyo Goma haisimami, kwa sababu simu zetu tunazipeleka vibandani kuchajiwa, zinachomekwa na mikono ya kila mtu, na zote zimechubuka. Amesema kweli! Na ndiyo raha yenyewe: ushahidi umewekwa mbele yako, una ruhusa ya kumpinga mpelelezi. Hata yeye, kuna jambo moja kuhusu mwenye simu hiyo ambalo analikosea.

Kwa kipimo hicho, The Great Game na The Reichenbach Fall ziko juu kabisa. Andrew Scott, anayecheza Moriarty, adui mkubwa wa Sherlock, anatisha zaidi anapoongea kwa upole. The Blind Banker ni dhaifu, Wachina wake hawana undani wowote. The Sign of Three karibu yote ni hotuba ya harusi na wengine wataichoka. Mimi niliipenda sana, kwa kuwa dalili zimefichwa humohumo katika hotuba. Msimu wa nne, wa 2017, uliniumiza. Katika The Final Problem mambo yanatokea kwanza, maelezo yanafuata, na mtazamaji hana cha kukisia.

Angalieni pia lugha. Jumbe za simu huandikwa hewani, juu ya picha. Nakala yetu ilikuwa na sauti za Kifaransa lakini maandishi hayo yalibaki kwa Kiingereza, mama akapitwa na mengi. Tafuteni yenye tafsiri chini ya picha.

Mwenye muda mchache achukue misimu miwili ya kwanza. Ila awe na The Empty Hearse, sehemu ya kwanza ya msimu wa tatu, tayari kwenye flashi, kwa sababu msimu wa pili unakatikia mahali pabaya mno, na Waingereza walingoja tangu Januari 2012 hadi Januari 2014 kujua kilichofuata.