Unyevu ndani ya nyumba Arusha na Moshi: ununue kipi kwanza

Masika yakiingia, Machi mpaka Mei, halafu Juni na Julai baridi na ukungu, malalamiko ni yaleyale, nguo kabatini zinanuka uvundo, viatu vya ngozi vimeota fangasi, kona ya ukuta nyuma ya kitanda imekuwa nyeusi. Mtu anampigia ndugu yake Dar au Tanga anaambiwa nunua mashine ya kuvuta unyevu kama yangu, anainunua, akiiwasha Ngaramtoni au Kibosho haivuti kitu. Jamani, pwani unyevu unakuja na joto, huku kwetu unakuja na baridi, kwa hiyo mi napanga hivi.

Ya kwanza ni kipima unyevu, kale kadogo ka betri. Bila hako unakisia tu. Kaweke chumbani mbali na dirisha, kakisoma kati ya asilimia 40 na 60 uko vizuri, kakikaa juu ya 70 siku mfululizo fangasi wataota.

Ya pili feni ya kutolea hewa, jikoni na bafuni. Mvuke mwingi tunautengeneza wenyewe, maji ya moto ya kuoga, makande yanachemka masaa, nguo zimeanikwa sebuleni. Simamia fundi bomba lake litoke nje kabisa, likiishia juu ya dari mvuke unabaki hukohuko unaozesha mbao.

Ya tatu dihumidifaya, ndiyo hiyo mashine ya kuvuta unyevu, na hapa usikurupuke. Ya kompresa inapoza koili ili mvuke ugeuke maji, sasa chumba kikishuka chini ya nyuzi 15 hivi koili inaanza kuganda barafu na ndoo haijai. Moshi mjini inafaa, ila milimani na Arusha ya juu tafuta ya desikanti, yaani inayonyonya unyevu kwa kitu kikavu badala ya koili baridi, inakula umeme zaidi lakini baridi haiisumbui. Luku yako uijue kabla: mashine ya wati 250 ikikaa masaa 8 ni uniti 2. Na zile lita za kwenye boksi mara nyingi zimepimwa kwenye joto la nyuzi 30, huku hutazipata.

Vikopo vya kalsiamu kloraidi, ile chumvi inayonyonya unyevu mpaka inageuka maji, ni vya kabatini tu, na maji yake watoto wasiyaguse. AC waachie wa pwani.

Jiko la mkaa la kukaushia chumba usiku, hapana kabisa, nawaomba, kaboni monoksidi haina harufu na inaua watu wamelala. Na kama ukuta unaloa kuanzia chini, hela yote hiyo mpelekee fundi kwanza.