Nililipia mkalimani, nikapewa sentensi moja

Nimesita muda mrefu kuandika haya, kwa sababu ninayemlalamikia ni mtu wa mji wetu wa Lubumbashi, na kumsema mwenzako mbele ya watu si jambo jepesi. Lakini kila nikiikumbuka siku ile, moyo unachemka upya. Kampuni iliyotusafirisha sitaitaja.

Tuliondoka wakati wa baridi, shule zikiwa zimefungwa, kundi la wafanyabiashara pamoja na mimi na shangazi yangu, ambaye ameuza samaki sokoni tangu nikiwa mtoto. Njia ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na uchovu wake kila mtu hapa anaijua. Kilichonifanya nitoe pesa ni ahadi moja iliyoandikwa kwenye karatasi yao: siku nzima ya matembezi Cape Town, ikiwemo Two Oceans Aquarium, jumba la kuonyeshea viumbe vya baharini, na mkalimani wa kutufasiria kila kitakachoelezwa. Shangazi hajui Kiingereza, kwa hiyo kwangu mkalimani huyo alikuwa na thamani kuliko kiti cha basi.

Juu ya jumba lenyewe sina neno baya. Lilifunguliwa Novemba 1995 pale bandarini, na jina lake latokana na bahari mbili, ya Hindi na ya Atlantiki, ingawa mpaka wao rasmi uko Cape Agulhas, mbali upande wa kusini-mashariki. Mkalimani alimwambia shangazi kwamba maji ya bahari zote mbili yanagongana nje ya ukuta ule. Nilinyamaza, nikidhani ni kosa dogo la asubuhi.

Mbele ya msitu wa mwani tulisimama mpaka miguu ikauma. Mwani ule mkubwa uitwao kelpi hauna mizizi kama mmea wa shambani. Huung'ang'ania mwamba kwa kitu kinachofanana na vidole vigumu, na shina lake lina hewa ndani, ndiyo maana husimama wima majini kama mti. Majani yake ya kahawia yalikuwa yakienda na kurudi pamoja na maji, na mwanga uliopita katikati yake ulikuwa na rangi ya chai. Shangazi aliweka kiganja kwenye kioo, akaniuliza kama maji yale ni ya baridi. Ni ya baridi, nilimwambia, kwa sababu mkondo wa Benguela unapita pwani hii ukielekea kaskazini, na maji yanayopanda kutoka kilindini huleta chakula tele kwa viumbe vya baharini. Na katika mkondo huohuo, upande wa Namibia, ndimo wanamovuliwa tomsoni, samaki wanaotufikia Lubumbashi wakiwa wamegandishwa kwenye makatoni. Shangazi amefungua makatoni hayo kwa ncha ya kisu maisha yake yote, na hakuna aliyewahi kumweleza samaki wale wanatoka maji gani. Hakuondoa kiganja. Mkalimani wakati huo alikuwa ameketi kwenye benchi, simu mkononi.

Kisha mfanyakazi mmoja wa jumba, kijana mwenye subira, akatueleza habari za kasa aitwaye Yoshi. Aliletwa Cape Town mwaka 1997 na meli ya uvuvi ya Kijapani, akiwa mdogo na gamba lenye jeraha. Akalelewa pale miaka 20, akafika uzito wa zaidi ya kilo 180, na Desemba 2017 akaachiwa baharini akiwa amebandikwa kifaa cha kutuma ishara kwa setilaiti. Alipanda kwanza kuelekea Namibia, akageuka, akaizunguka ncha ya Afrika na kuivuka Bahari ya Hindi, mpaka mwaka 2020 akatokea pwani ya magharibi ya Australia, baada ya kuogelea takriban kilomita 37,000. Kasa jike hurudi kutaga katika eneo alikozaliwa, kwa hiyo wataalamu waliwaza kwamba huenda alikuwa akirudi kwao. Kijana alieleza kwa dakika kadhaa, akionyesha njia kwa mkono. Alipomaliza, sote tukamgeukia mkalimani.

Akasema: "Anasema kobe mmoja alikuwa hapa, akaondoka."

Ni hayo tu. Hata jina la mnyama alikosea, maana kobe ni wa nchi kavu. Shangazi, ambaye alikuwa ameona mkono wa kijana ukizunguka bara zima, alisema ana swali. Mkalimani akamjibu, "Mama, samaki unawaona kila siku kwenye meza yako. Twende, watu wanataka kununua vitu." Nilipoanza kumsimulia shangazi mwenyewe kwa Kiingereza changu cha shule, yule bwana aliniambia mbele ya wote: "Mwalimu, kama unakijua, ulinilipa wa nini?"

Kwa hiyo ushauri wangu ulikuwa: msisafiri nao kamwe. Hata hivyo, haki inanilazimu kusema kwamba dereva wao alikuwa mwangalifu kupita wote niliowahi kupanda nao, hakuna mzigo uliopotea, na mpakani karatasi zetu zilishughulikiwa bila mtu kuombwa senti ya pembeni. Bila wao shangazi asingeuona ule mwani. Nilipofika hapa katika maandishi haya nilikuwa karibu kuandika kwamba, kwa mtu ajuaye Kiingereza, wanafaa.

Lakini hapana, siwezi kuwapitisha. Mhudumu wa mlangoni alitwambia tulikuwa na ruhusa ya kukaa hadi jioni. Sisi tulitolewa kabla ya adhuhuri, tukapelekwa madukani. Mwanamke mwenye umri ule, aliyeweka akiba ya miezi kwa ajili ya siku moja, hazungumzwi vile. Wanirudishie fedha ya ukalimani, na yule bwana amwombe shangazi msamaha, ndipo nitakapofikiria upya.

Swali la shangazi lilikuwa kama Yoshi alifika akataga. Kijana wa kumjibu alikuwa bado amesimama pale, hatua tatu kutoka kwetu, tulipokuwa tukisukumwa kuelekea mlangoni.