Mashine ya CPAP: maji yananiingia puani, muuzaji anasema ni mate yangu

Duka lenyewe ni la vifaa vya hospitali hapa Dar, jina silitaji leo, sitaki kesi. Ila maneno niliyoambiwa na yule kijana wa pale yamenikaa kooni mpaka sasa.

Kuhusu CPAP yenyewe, ile mashine inayosukuma hewa kwa mpira mrefu hadi kwenye barakoa ya puani ili koo lisizibe usingizini, sibishani na mtu. Nilikuwa nakoroma hadi mama watoto akahamia chumba kingine, pumzi zinakatika usingizini, mchana nasinzia nimesimama ndani ya mwendokasi nimeshika bomba. Daktari akasema mashine, nikanunua mashine. Mambo ya uzito na kelele tafuteni wenyewe, yameandikwa kila mahali. Mimi nazungumzia maji.

Ubavuni ina kitangi, na chini ya kitangi kuna sahani inayopata moto. Hewa inapita juu ya maji ya vuguvugu, inabeba unyevu, ili pua na koo visikauke usiku kucha. Wazo zuri kabisa. Kijana alipokuwa ananitengenezea pale kaunta akapandisha namba ya unyevu mpaka mwisho, akasema, "Mzee wangu, hapo ndipo raha ilipo, usiguse." Sikugusa.

Sasa mimi nalala na kiyoyozi. Joto la Dar mnalijua, na kwa barakoa usoni ndiyo kabisa. Katikati ya usiku nasikia mpira unabwabwaja kama mtu anavuta shisha pembeni ya mto wangu. Mara hewa inayumba, mara maji ya baridi hayo, puani! Nimelala chali. Nilikurupuka nikijua nazama, nikang'oa barakoa, mkanda nusura uondoke na sikio. Usiku uliofuata hivyo hivyo.

Nikapiga simu dukani. Kijana hakuniacha hata nimalize. "Mzee, hayo ni mate yako. Watu wa umri wako wanalala mdomo wazi." Halafu nikamsikia anamwambia mwenzake, "Ni yule wa kukoroma." Wakacheka. Simu bado iko hewani!

Mate! Mama watoto alichomoa ule mpira akauinua juu ya beseni, maji yakachuruzika, akaniuliza ni binadamu gani mwenye mate kiasi hicho.

Kilichokuwa kinatokea mtoto wa sekondari angekueleza. Hewa inatoka kitangini na joto lake na unyevu wake, inaingia kwenye mpira wa karibu mita mbili uliolala mbele ya kiyoyozi, inapoa, haiwezi tena kubeba unyevu wote ule, unageuka matone. Matone yanatafuta bondeni. Na kwa kuwa kijana huyohuyo alisema mashine ikae juu ya kabati, bondeni ni pua yangu. Mtu anauza vitu hivi kila siku halafu hajui? Anajua! Kuna mipira yenye waya wa kupasha joto ndani yake, imetengenezwa kwa ajili ya tatizo hilihili, na anayo. Nilikuja kuiona imening'inia nyuma yake siku nilipokwenda kulalamika. Eti, "Wateja wanaona ghali, ndiyo maana hatuwaambii."

Basi nimejitibu mwenyewe. Namba ya unyevu nimeishusha hadi katikati, kisha chini kidogo ya hapo. Kiyoyozi nimekitoa 18 nikakiweka 25. Mashine sasa iko kwenye stuli fupi, chini ya usawa wa godoro, matone yakianza yarudi yalikotoka. Mpira umevishwa khanga iliyoshonwa mfuko, mama watoto kachagua yenye maneno ya kunisema, siyaandiki hapa. Usiku ambao kiyoyozi hakiwaki nazima kabisa ule moto wa kitangi, hewa ya pwani ina unyevu wake wa kutosha. Na maji: yule kijana aliniambia ya bombani yanafaa, wakati kwetu yanatoka kisimani na yana chumvi. Sahani ikaota ukoko mweupe. Natumia yale yasiyo na madini, asubuhi namwaga yaliyobaki, nasuuza.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba la mdomo wazi hakukosea. Daktari kanieleza: hewa ikivujia mdomoni, koo linakauka hata ukiweka unyevu wa namna gani, na kweli nilikuwa naamka ulimi umekauka. Nimepewa mkanda wa kushikilia kidevu, umesaidia. Lakini ewe kijana, kama mdomo umekauka, hayo mate ya kujaza mpira yalitoka wapi?

Nilikaa hapa niipe mashine nyota moja. Nashindwa. Juzi nimelala moja kwa moja mpaka adhana ya alfajiri, na mchana sikusinzia hata kidogo. Nyota nne. Nikikumbuka kile kicheko, tatu. Hapana, mashine haikucheka, iwe nne. Duka halipati kitu.

Tabu ni kwamba mpira wa joto lazima uendane na aina ya mashine, na hapa karibu mwenye wa kwangu ni yeye tu. Jumamosi narudi kwake na hela yangu mkononi. Mama watoto anasema twende wote, na mimi nimemwachia azungumze yeye.