Mkono wenye nguvu: juu ya gongo au chini?

Katika hoki ya barafuni, mtu wa mkono wa kulia ana njia mbili. Akiuweka juu, mwishoni mwa mpini, bapa la gongo hukaa upande wake wa kushoto, naye huitwa mpigaji wa kushoto. Akiushusha katikati ya mpini, anapiga kulia.

Mkono wa chini ndio unaosukuma, kwa hiyo mtoto akiokota gongo mara ya kwanza huushusha ule wenye nguvu, kama anayeshika fagio. Lakini mkono wa juu ndio unaozungusha bapa, na ndio pekee unaobaki kwenye gongo mchezaji anapojinyoosha kumpokonya mpinzani kisahani, kile kinachochezwa badala ya mpira. Hapo mkono dhaifu huumbuka. Anayeanza leo ningemshauri aweke wenye nguvu juu, hata kama wiki za mwanzo mashuti yatakuwa mepesi.

Mabao yanapatikana pande zote: Wayne Gretzky alipiga kushoto, Alex Ovechkin, aliyeivunja rekodi ya Gretzky ya mabao 894 ya NHL (ligi kuu ya hoki ya barafuni ya Amerika Kaskazini) mwaka 2025, hupiga kulia. Kwenye hoki ya uwanjani hakuna hiari: magongo yote ni ya kulia, mkono wa kushoto juu.