RTX A2000 au RTX 3060 kwa kompyuta ya nyumbani: uzoefu wangu na zote mbili

Kadi hizi mbili za michoro (GPU) zimejengwa juu ya chipu moja, GA106 ya NVIDIA. RTX 3060 ilitoka Februari 2021 kwa ajili ya wacheza gemu, na RTX A2000 ikatangazwa Agosti mwaka huohuo kwa ajili ya wahandisi na wasanifu majengo. Kwa hiyo anayekuambia kwamba kadi ya kazi ina nguvu zaidi kwa kuwa imeandikwa ya kazi, usimsikilize. Unacholipia kwenye A2000 ni draiva, uthibitisho wa kampuni za programu, memori yenye ECC (inayojisahihisha makosa), na umbo dogo lisilokula umeme. Nimezitumia zote kwa kazi zilezile: ArchiCAD ya kuchora majengo, SolidWorks ya kuchora mashine, Blender ya picha za 3D, kuhariri video, na gemu.

RTX 3060 ina viini vya CUDA (vya kufanyia hesabu) 3,584, memori ya GB 12 inayosomwa kwa GB 360 kwa sekunde, na hula hadi wati 170. A2000 ina viini 3,328, memori ya GB 6 (toleo la GB 12 lipo pia), GB 288 kwa sekunde, na haivuki wati 70. Viini vinakaribiana. Tofauti iko kwenye mwendo wa viini hivyo: ya gemu hufika MHz 1,777, ya kazi imezuiwa kwenye MHz 1,200 ili isizidi zile wati 70. Ndiyo maana kurenda (kugeuza modeli kuwa picha kamili) kwenye Blender kwa 3060 kunakwisha mapema kabisa, na gemu zinakwenda laini zaidi.

GB 6 nazo zinaisha haraka kuliko watu wanavyodhani. Picha moja ya tekscha, ile inayovalishwa kwenye modeli, ya pikseli 4096 kwa 4096, ikishafunguliwa kwenye kadi bila kubanwa, inachukua MB 64. Weka tekscha hamsini kwenye nyumba yako, kuta, sakafu, mbao, nyasi, na umeshatumia GB 3.2 kabla ya kuhesabu umbo lenyewe la jengo. Memori ikijaa, Blender inaanza kuazima RAM ya kompyuta na kasi inaanguka, au inasimama na kuandika kwamba memori imekwisha. Kwa anayerenda majengo, ningechukua GB 12 za 3060 kuliko jina lolote la heshima kwenye boksi.

Kadi ya kazi inashinda kwenye SolidWorks. RealView, ule mwonekano wa vivuli na mng'ao wa chuma ndani ya dirisha la kazi, hufunguka rasmi kwa kadi zilizothibitishwa tu. Ukiwa na GeForce, yaani kadi za gemu kama 3060, kitufe chake kinabaki kijivu. Zipo mbinu za kubadilisha rejista ya Windows ili kukilazimisha. Sizipendekezi kwa mtu anayekabidhi michoro kwa mteja, kwa sababu sasisho moja la programu linaweza kuzifuta. Siemens NX, programu nyingine ya kuchora mashine, nayo inapenda draiva ya kazi kuliko kitu kingine, hasa modeli kubwa ikiwa inaonyeshwa kwa mistari mitupu. Kwa AutoCAD ya michoro bapa na sehemu kubwa ya Revit, tofauti sikuiona: humo CPU ndiyo inayobeba mzigo. Wanaohariri picha walikuwa wakiambiwa wanunue Quadro, jina la zamani la kadi za kazi za NVIDIA, ili wapate rangi za biti 10 kwenye Photoshop, lakini draiva ya Studio ya Julai 2019 iliipa GeForce uwezo huo, basi sababu hiyo imekufa.

Sasa umeme, na hapa ndipo wengi wanapoumia. Kompyuta nyingi za nyumbani kwetu ni mtumba wa ofisini: OptiPlex, EliteDesk, ThinkCentre. Pawasaplai zake mara nyingi ni za wati 180 hadi 260 na hazina waya wa pini 8 wa kadi. Kwa 3060 inashauriwa pawasaplai ya wati 550. Muuzaji atakupa adapta inayotoka kwenye plagi ya SATA kwenda pini 8. Ikatae. Plagi ya SATA imeundwa kubeba ampea 4.5 kwenye volti 12, yaani wati 54. Pini 8 inaruhusiwa kuvuta hadi 150. Plagi inapata moto, plastiki inayeyuka, na ukiwa na bahati kompyuta inazima tu.

A2000 haihitaji waya wowote. Inavuta umeme wote kwenye sloti ya ubao mama, ambayo kwa kiwango cha kawaida inatoa wati 75, ila soma kwanza mwongozo wa mashine yako, kwa sababu baadhi ya mashine ndogo zinatoa pungufu. Ina urefu wa sentimita 16.7 na kimo cha 6.9, hivyo inaingia kwenye makasha membamba ya SFF (kompyuta ndogo za ofisini) ukiifungia ile bati fupi ya kuishikilia nyuma ya kasha. Ukinunua iliyotumika, hakikisha bati fupi imo. Pia inachukua nafasi ya sloti mbili, na kwenye baadhi ya makasha sloti ndefu imebanana na pawasaplai, kadi nene haipiti. Chukua rula upime kabla ya kulipa.

Fikiria na UPS, betri ya akiba ya umeme ukikatika. Ya VA 650 kwa kawaida hubeba wati 325 hadi 390. Kompyuta yenye 3060, ikirenda, pamoja na CPU na monita, inafika karibu na hapo, na umeme ukikatika UPS inaweza kushindwa palepale na kuzima kila kitu. Mashine ileile ikiwa na A2000 inakupa dakika za kuhifadhi kazi. Kwa mtu anayerenda usiku kucha hili si dogo.

Ukinunua 3060, angalia ni ipi. Lipo toleo la GB 8 lenye njia ya memori ya biti 128 na GB 240 kwa sekunde, na jina lake ni lilelile. Fungua GPU-Z, programu inayosoma sifa za kadi, mbele ya muuzaji: unataka kuona biti 192 na GB 12. Programu hiyohiyo huandika FAKE mbele ya jina ikikuta kadi ya zamani iliyobadilishwa BIOS. Kisha ipe mzigo robo saa huku ukitazama joto. Kama kipimo cha sehemu yenye moto zaidi (Hot Spot) kinazidi kile cha joto la kawaida la GPU kwa nyuzi 25 au zaidi, huenda pasta ya kupitisha joto imekauka, na huenda kadi ilitumika kuchimba sarafu za kidijitali.

Quadro za zamani zina mtego wake. K2000 imebaki kwenye draiva za tawi la 470. P2000 ni kadi nzuri ya wati 75 na GB 5, lakini ni ya kimo kamili, haiingii kwenye kasha la SFF; P1000 ndiyo inayoingia.

Ukihama kutoka aina moja kwenda nyingine, futa kabisa draiva ya kwanza kwa DDU, programu ya kuondoa draiva, ukiwa kwenye Safe Mode ya Windows, vinginevyo ArchiCAD inaweza kuganda bila sababu ya kuonekana. Na A2000 ina matundu manne ya mini DisplayPort, hakuna HDMI hata moja. Adapta iwe mkononi siku unayoifunga.